Gemu la nyambizi lina hesabu, lina na watu

Nyumba nyingi zina ugomvi wa gemu. Wetu unahusu Silent Hunter III, gemu la nyambizi za Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mdogo wangu wa kidato cha tatu hulicheza kila Jumamosi. Baba anataka lifutwe kwenye kompyuta kwa sababu kijana anafeli hesabu.

Nilikaa naye nione. Msaada wa kompyuta ameuzima, anakokotoa mwenyewe kwa kalamu. Kupata mwendo wa meli, anatuliza nyambizi na periskopu. Pua ya meli ikigusa mstari wa katikati anaanza kuhesabu muda, mkia ukipita anasimamisha. Meli ya mita 120 ikitumia sekunde 30, inakwenda mita 4 kwa sekunde, yaani kilomita 14.4 kwa saa. Kupata umbali, anapima pembe kutoka usawa wa maji hadi ncha ya mlingoti. Mlingoti wa mita 30 ukionekana kwa digrii 1, anagawa 30 kwa tanjenti ya digrii 1, anapata mita 1,700 na ushei. Akikosea aina ya meli, vipimo vyote vinakosewa na torpedo inapita kando.

Hiyo ndiyo trigonometria anayoikimbia darasani.

Mama, aliyekuwa akitusikiliza, aliuliza, "Na waliomo melini, mnawahesabu?"

Swali lile lilinikumbusha meli ya Khedive Ismail. Februari 1944 iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba askari wa Afrika Mashariki, mabaharia na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Japani iliipiga kwa torpedo karibu na Maldives. Ilizama chini ya dakika mbili, wakafa watu zaidi ya 1,200. Ndani ya nyambizi ile nako kuna mtu aliyepima mwendo na umbali, akapatia.

Nilipomsimulia, mdogo wangu aliweka kalamu chini. "Kumbe na wa kwetu walikuwemo?"

Nimemwomba Baba asilifute. Kijana ataleta daftari la shule mezani, afanye maswali matano ya pembe kabla ya kuwasha kompyuta. Nami nitakaa naye. Hesabu anaweza kuipata peke yake, lakini swali la Mama linahitaji mtu mzima pembeni.