Ugomvi wa Sarafu Zisizoshikika



Juma hili tunagusa jambo ambalo wazee wetu wengi hawalijui kwa jina, ingawa vijana wao hulizungumza kila siku penye mashine za kukoboa mpunga hapa Ubaruku. Ni ushabiki wa sarafu za mtandao. Tumewasikia vijana wa jumuiya ndogondogo moja wakiitana wajinga, huyu wa Bitcoin na yule wa Ethereum, kwa ukali tuliouzoea kwa Simba na Yanga. Tofauti ni kwamba shabiki wa Yanga hapotezi gunia la mpunga timu yake inapofungwa.

Yafaa tujue ugomvi ulikotoka. Bitcoin ilianza Januari 2009, ikiwekewa kikomo cha sarafu milioni 21. Haina benki inayoisimamia. Malipo huandikwa katika daftari moja ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani. Mwaka 2017 watunzaji wake walishindwa kukubaliana juu ya ukubwa wa kurasa za daftari hilo. Baadhi walitaka kurasa kubwa ili malipo madogo yawe nafuu. Wengine walihofu kwamba daftari zito litabaki mikononi mwa wenye mitambo mikubwa tu. Tarehe 1 Agosti walitengana, ikazaliwa Bitcoin Cash, nayo ikagawanyika tena Novemba 2018. (Sisi tunaoijua historia ya madhehebu hatukushangaa.)

Kisa cha Ethereum kinatugusa zaidi. Juni 2016 mtu alitumia kasoro ya programu ya mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO, akachota etha zipatazo milioni 3.6. Mwezi uliofuata wengi waliamua kubadili kumbukumbu za daftari ili mali irudi kwa wenyewe. Wachache walikataa, wakishikilia kwamba kanuni ikishawekwa haipinduliwi hata kwa huruma. Hao ndio Ethereum Classic. Mkulima wa bonde la Usangu aliyeamka akakuta maji ya zamu yake yameingizwa katika majaruba ya mwingine analijua swali hilo. Sisi tungesimama na walioibiwa. Hata hivyo, wale wachache walikuwa na hoja: leo daftari likibadilishwa kwa haki, kesho nani atazuia lisibadilishwe kwa upendeleo?

Kinachotusikitisha ni kwamba vijana wetu hawabishani juu ya hayo. Wamerithi matusi bila hoja. Bei ya sarafu hupanda wengine wanapoinunua, hivyo aliyenayo humwona kila mkosoaji kama mwizi wa mali yake. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho waliojigawa kati yake, Apolo na Kefa. Lakini wale hawakuwa wameweka rehani ada ya shule.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia aliitaka benki hiyohiyo ijiandae kuzipokea. Kati ya kauli hizo mbili, kijana wa Ubaruku yuko peke yake na simu yake.

Basi Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tunawaalika wa Bitcoin na wa Ethereum ukumbini. Kila mmoja ataeleza hoja ya mwenzake, si ya kwake. Wazazi ambao mpunga wao umekwisha kuuzwa kwa ajili ya sarafu hizo waje pia, na waulize zilipo.