Kumbatio la Ulingoni

Mabondia wanapokumbatiana ulingoni, watazamaji huzomea. Hudhani mmojawapo ameingiwa na woga. Wapenzi wa ushairi wasingepaswa kustaajabu, kwani mshororo nao husema mizani nane, ukatua kwenye kina cha kati, ndipo nane nyingine zikafuata. Pumzi ni sehemu ya sanaa.

Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alikabiliana na George Foreman mnamo saa kumi za usiku. Saa za Shinyanga zimetangulia mbili, hivyo huko Ibadakuli kulikuwa kunapambazuka. Foreman alikuwa kijana wa miaka 25, na alikwisha kuwaangusha Joe Frazier na Ken Norton katika raundi mbili mbili tu. Ali alikuwa na miaka 32. Wengi hukumbuka alivyoegemea kamba. Wachache hukumbuka alivyomshika Foreman shingoni na kumwinamisha, kila walipokaribiana. Ngumi isiyopata nafasi ya kunyooka haina uzito, na shingo inayobeba mwili wa mwingine huchosha hata miguu. Katika raundi ya nane Foreman alianguka.

Hata hivyo, ustadi huo hukaa mpakani mwa sheria. Kushika kupita kiasi ni kosa, na mwamuzi aweza kumpunguzia bondia pointi. Januari ya mwaka uo huo, mjini New York, Ali alimshinda Frazier kwa pointi baada ya raundi 12, akalaumiwa kwa kumkumbatia mno. Ni kama inkisari katika utungo: kidogo huokoa mizani, nyingi huua lugha.

Lakini utungo ulioharibika hufutwa ukaandikwa upya, ubongo haufutiki. Mapigo ya kichwa huujeruhi kidogo kidogo. Mwaka 1984 Ali aligunduliwa kuwa na maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson, akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2016. Na wengi wameyahusisha na ngumi alizozipokea.

Kijana wa Ibadakuli aliyekomaa mikono kwa jembe, au kwa sururu ya machimbo ya Geita, akitaka kuwa bondia hana haja ya kufunzwa nguvu. Afunzwe kushika, kuegemea na kuvuta pumzi. Nasi tulioketi kando tujifunze kutomzomea, maana kichwa kilicho hatarini ni chake, si chetu.