Mkeka Mmoja, Madaftari Mawili

Kuna dada mmoja wa Mbagala, anauza vitumbua asubuhi. 2017 alikuwa kidato cha pili, akapata ujauzito. Mwaka huohuo Rais akatangaza kuwa binti akishajifungua harudi tena shule ya serikali. Basi, begi likapandishwa juu ya kabati.

Mtoto akazaliwa wa kike. Januari 2024 akaanza darasa la kwanza, na mtaala mpya nao ndo unaanza. Wao elimu ya msingi wataimalizia darasa la sita, siyo la saba, halafu sekondari ni lazima mpaka kidato cha nne. Kiingereza nacho wanaanza nacho la kwanza, hawasubiri la tatu.

Jioni kazi za shule zinafanyiwa mkekani. Mtoto anasoma, mama anamrekebisha matamshi. Siku moja si akauliza: "Mama, mbona unajua hivi? Kwa nini hukumaliza shule?"

Mama akajifanya anachagua mchele.

Katazo lenyewe lilishaondolewa tangu Novemba 2021. Alisikia, ila akajiambia umri umeenda, na mtaani watamsema. Usiku ule hakulala. Kesho yake, vitumbua vilipoisha tu, akaenda kuulizia masomo ya sekondari ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Siku hizi mkekani kuna madaftari mawili. Na msimamizi ni yule mdogo:

"Mama, weka simu. Hesabu zako umemaliza?"