Maji ni Maji?

Jana nilimwomba kijana wangu msamaha.

Kompyuta ya kuhariri mahubiri hapa nyumbani Kitengela hupozwa kwa maji. Alipoiwekea kadi mpya ya picha, alisisitiza tutumie maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea betri ya gari. Mimi nikajaza ya kisima. "Maji ni maji!"

Miezi ikapita, ikaanza kupata joto na kujizima. Ndani tulikuta chokaa, ile ile ya kwenye birika, imeziba mianya. Nilionywa, nikatanguliza cheo cha baba.

Tumeisafisha. Pampu pekee imezunguka saa 24, tishu chini ya kila kiungo. Zote kavu.

Mzazi, kuhani Eli alimsikiliza mtoto Samweli. Nyumbani kwako, ni nani hujamsikiliza? Amina.