Andagraundi Asiyetaka Kutoka

Kwa watu wa Bongo Fleva, neno andagraundi lina maana moja tu: msanii ambaye hajatoka. Yuko huko chini na wimbo wake kwenye simu, anasubiri DJ mmoja amhurumie. Siku wimbo ukipigwa redioni watu husema, "Jamaa ametoka," na tangu hapo yeye si andagraundi tena. Ni kama kituo cha basi. Hakuna anayepanga kulala hapo.

Mimi ni shabiki wa hevi metali kwa zaidi ya miaka kumi na mitano sasa, na huku kwetu neno hilohilo limepinduliwa. Andagraundi ni makazi. Kuna bendi zimekaa chini miaka thelathini kwa hiari yao, zinatoa kanda mia mbili, zinapiga kwenye kumbi ambazo hata boda boda hazijui, na mashabiki wakisikia zimetoka huvaa nyuso za matanga. Nimemwona mtu akiacha kusikiliza bendi kwa sababu tu shemeji yake ameanza kuipenda. Huo ni ujinga, na nitaurudia baadaye. Lakini ndani ya ujinga huo kuna jambo ninaloliheshimu: muziki unaopigwa na watu wanaojua kabisa kwamba hautawalipa.

Wenzangu wa chumba cha habari huniuliza, "Hivi wewe dada, msomi mzima, unasikia nini mle?" Wanachosikia wao ni kelele, na siwalaumu. Sauti ile ya kunguruma imetengenezwa makusudi isikubembeleze. Mwimbaji habani koo tu na kupayuka. Akifanya hivyo atapoteza sauti kwa wiki nzima. Hutumia mikunjo ya nyama iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti, huku pumzi ikisukumwa kutoka tumboni. Ni kazi ya mazoezi, kama ilivyo kwa msoma kaswida au mwimbaji wa kwaya. Ukizoea, unaanza kutofautisha mwenye hasira, mwenye huzuni na yule anayeigiza. Wa tatu wako wengi.

Muziki huu ulizaliwa viwandani. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mfanyakazi wa kiwanda cha mabati mjini Birmingham, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole. Baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize sana, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka Februari 1970. Uzito ambao watu wengi huusikia kama uchawi ni, kwa kiasi fulani, ajali ya kazini.

Miaka kumi na saba baadaye, katika mji uleule, Napalm Death walitoa *Scum*. Upande wa kwanza na wa pili wa santuri hiyo vilirekodiwa na watu tofauti, ni mpiga ngoma pekee aliyekuwepo pande zote mbili. Wimbo mmoja, "You Suffer", unachukua sekunde moja na kidogo. Wengi huucheka. Mimi huuona kama methali: umesema, umemaliza, umenyamaza.

Lililonivutia zaidi ni namna muziki huu ulivyosafiri kabla ya intaneti. Mtu wa Florida alirekodi kanda, akaituma Norwei au Brazili kwa posta, aliyeipokea akaitoa nakala na kuipeleka mbele. Kwa kuwa stempu zilikuwa ghali, walizipaka gundi au sabuni juu ili mhuri wa posta ufutike na stempu itumike tena. Sepultura walianza Belo Horizonte mwaka 1984 wakiwa watoto wa shule, mbali na Uingereza na mbali na California, na bado dunia ikawapata kwa njia hiyo. Sisi wa Nairobi ya miaka ya 2000 tulichelewa kanda, ila tulikuwa na flashi na saiba ya shilingi moja kwa dakika. Kaka yangu alikuwa akilipia saa nzima ili apakue nyimbo nne. Ya tano ikikatika katikati, tuliisikiliza hivyohivyo, nusu, hadi tukadhani ndivyo inavyokwisha.

Kaka ndiye aliyenifungulia mlango huu. Bendi yake kuu ilikuwa Death, ya Chuck Schuldiner wa Florida. Mwaka 1999 Schuldiner aligunduliwa ana uvimbe kwenye ubongo. Matibabu yakaishinda familia, na watu wa metali wakaanza kuchangisha kwa matamasha ya hisani na minada ya vitu. Kwa lugha yetu, walimfanyia harambee. Alifariki Desemba 2001 akiwa na miaka 34. Kaka alikuwa akinisimulia kisa hicho kama watu wengine wanavyosimulia visa vya watakatifu, na mimi nilikuwa nikimwambia aache kunichosha.

Mwaka 2014 figo za kaka ziliacha kufanya kazi. Anayejua maisha ya kusafishwa damu mara mbili kwa wiki hahitaji maelezo. Asiyejua, Mungu amwepushe. Tulifungua grupu ya WhatsApp, tukaweka namba ya M-Pesa, na kila jioni Mama aliniomba nimsomee majina ya waliochanga. Wa kanisani walikuwepo, wa ukoo, wa kazini kwake. Halafu kulikuwa na wengine ambao hakuna aliyewajua, mia mbili, mia tano, elfu moja, na picha zao za WhatsApp zilikuwa mafuvu, mbuzi wenye pembe na maandishi yanayofanana na mizizi ya mti. Mama alizitazama picha zile muda mrefu. "Hawa wa mafuvu ni kina nani?"

Nikamwambia ni marafiki wa muziki.

Swali lake halikuwa la mzaha. Mama alikuwa mama wa watoto wadogo mwaka 1994, Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya. Ripoti ilifika bungeni mwaka 1999, lakini hofu haikungoja ripoti. Ilitembea kwenye matatu, shuleni, kwenye mahubiri. Kwa kizazi chake, fuvu kwenye fulana ni ushahidi. Na si Kenya tu. Misri, mapema 1997, makumi ya vijana wapenzi wa metali walikamatwa wakituhumiwa kumwabudu shetani. Casablanca, mwaka 2003, vijana 14 walihukumiwa, na fulana zao nyeusi zilikuwa miongoni mwa ushahidi. Kwa hiyo nikisikia shabiki wa Nairobi akiwacheka wazazi kwamba ni washamba, huwa namwambia apunguze. Hofu hiyo ilitengenezwa na serikali na mimbari, na wazee wetu walikabidhiwa tu. Tena wapo wanamuziki walioipa chakula: mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa metali nyeusi kule Norwei walichoma makanisa kwelikweli. Siwezi kuwatetea, na siwezi kujifanya hawakuwepo.

Kaka alifariki mwaka uliofuata. Tulimzika nyumbani, juu Wundanyi. Wale wa mafuvu walikodi matatu moja kutoka Nairobi, wakafika alfajiri wakiwa wamepigwa na baridi ya milima ya Taita, fulana nyeusi, buti, mmoja na nywele hadi mgongoni. Wazee wakatazamana. Wao wakauliza maji yanachotwa wapi, na majembe yako wapi.

Huko kwetu, kabla ya kanisa, Wataita walifukua mafuvu ya wazee wao baada ya muda na kuyapanga katika mapango ya mawe, ili ukoo uende kuongea nao. Baadhi ya mapango hayo yapo hadi leo. Mjomba wangu mmoja, mzee wa kanisa, ndiye aliyekumbusha jambo hilo siku ile, akimtazama kijana mwenye fuvu kifuani. Akasema polepole, kama anayejisemea, "Na sisi tulikuwa nayo." Basi, wakapewa chai. Mama mpaka leo huwaita wale watoto wa mafuvu, na huniuliza kama wanaendelea vizuri.

Jambo lingine la siku zile. Matangani kila mtu alituambia tusilie: amepumzika, Mungu amempenda zaidi. Walisema kwa upendo, najua. Lakini nilihitaji mahali ambapo mtu anaruhusiwa kusema kwamba hii haikubaliki. Kwenye matatu ya kurudi mjini niliweka *Symbolic*, albamu ya Death ya 1995, masikioni, na kwa dakika hamsini hakuna aliyeniambia nitulie. Hilo ndilo ninalosikia mle, wenzangu wa chumba cha habari.

Sasa, ubaya wetu. Andagraundi ya metali imejaa polisi wa ladha. Ukisema unapenda bendi fulani, utaulizwa utaje albamu tatu, na ukiwa mwanamke utaulizwa tano. Nimeenda matamasha Nairobi ambapo wanawake tulihesabika kwa vidole na bado mtu akanieleza maana ya neno "demo". Na bendi zetu za mwanzo, nyingi ziliimba kwa lafudhi ya Marekani kuhusu theluji ambayo hawajawahi kuikanyaga. Kuiga si dhambi, kila mtu huanza hapo. Kubaki hapo miaka kumi ndiyo shida.

Ubaya mwingine uko kwa wanahabari, kabila langu. Chukua Botswana. Mwaka 2011 picha za Frank Marshall, mpiga picha wa Afrika Kusini, zilizunguka dunia: Marok, mashabiki wa metali waliovaa ngozi, kofia pana na minyororo chini ya jua la huko. Picha ni nzuri sana. Lakini jaribu kumuuliza aliyeziona ataje wimbo mmoja wa Wrust, Skinflint au Overthrust. Overthrust wamekuwepo tangu 2008, huandaa tamasha lao Ghanzi, pembezoni mwa Kalahari, na kulitumia kusaidia wenye shida. Makala nyingi za nje huwaandika kama tembo anayeendesha baiskeli: ajabu si anaendesha vipi, ni kwamba anaendesha. Na wahariri wetu wa hapa si afadhali. Nimewahi kupeleka pendekezo la makala ya metali kwenye meza ya mhariri, nikaulizwa kama kuna mtu aliyechinja kitu.

Wakati huohuo, muziki wenyewe ukaenda mahali pasipotarajiwa. Duma, Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, walirekodi albamu yao Kampala mwaka 2019 na ikatolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes, jina ambalo Mswahili hulitamka baada ya kuangalia kama kuna wazee karibu. (Waganda wana maana yao, hamu ya ghafla ya kucheza. Tuwaamini.) Duma kwetu ni mnyama wa mbio, wao walikusudia giza, kwa Kikuyu. Zote mbili zinafaa. Hawakuwa na mpiga ngoma, walikuwa na mashine iliyopiga kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi, na juu yake Khanja alipiga mayowe hadi unatafuta swichi. Kuna wimbo unaitwa "Pembe 666". Mkenya yeyote kwanza atafikiria unga.

Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa *The Adept* mwaka 2024 kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu, akamkumbuka humo Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake na mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Bibi huyo alikaa na nywele zake za msituni hadi aliponyolewa mwaka 2022, akafariki mwaka uliofuata. Anayesema mayowe haya si ya Kiafrika anieleze msituni walikuwa wakiimba nini usiku. Mimi nikisikiliza albamu hii sisikii kitu kilichoagizwa kutoka nje. Na Khanja hajatoka kwa maana ya Bongo Fleva. Anapiga Ulaya, anaandikwa magazetini, na bado dada yako hatamsikia kwenye matatu ya Rongai.

Ukitaka kuanza, usianze na Duma, utakimbia. Anza na Black Sabbath wa 1970, nenda *Symbolic*, pitia Skinflint, kisha rudi nyumbani. Sikiliza albamu nzima, usichague wimbo mmoja. Na ukija tamashani, vaa viatu vya kufunga na uweke pamba masikioni. Watu watasukumana mbele ya jukwaa na utadhani ni vita. Tazama mtu akianguka: mduara mzima husimama, mikono sita inashuka, anainuliwa, anaulizwa kama yuko sawa, simu yake inatafutwa sakafuni kwa tochi. Halafu wanaendelea.