Kulwa na Doto tumboni mwa punda



Usukumani ukizaa mapacha huna kazi ya kutafuta majina. Wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, na atakayewafuata ni Shija. Majina haya yamesambaa nchi nzima, mpaka leo kuna Kulwa wa Tanga na Doto wa Songea ambao hawajawahi kuiona Shinyanga hata kwa dirisha la basi. Mbuzi naye akizaa wawili ni furaha. Ng'ombe akizaa wawili ni furaha pia, ingawa wazee wa mifugo wanajua kwamba ndama jike aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi sana hatashika mimba maisha yake yote.

Je, punda?

Swali hili nimekaa nalo tangu nilipokwenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita, nikifuatilia habari nyingine kabisa ya makarasha na bei ya mawe. Habari ile ilikatwa ikabaki aya nne, lakini hayo tuyaache. Ya punda haikuingia gazetini hata sentensi moja, kwa hiyo naileta hapa kwetu.

Nilipokuwa kule nilifikia jirani na mama mmoja mzaliwa wa Kishapu aliyehamia machimboni na punda wake wawili, wote majike. Kazi yake ni kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara mpaka kwenye karasha, na jioni kubeba madumu ya maji. Hana duara, hana leseni, hana mwalo. Ana punda. Asubuhi ya kwanza nikamsalimu, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, kisha akanivuta mkono nikamwone mmoja wa punda wake.

"Mwanangu, huyu ana wawili," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

Tumbo lilikuwa limetanuka kweli, pande zote mbili. Nami nikampongeza, kama ambavyo wewe ungempongeza. Ukubwa wa tumbo peke yake si ushahidi wa mapacha, lakini hilo nililisikia baadaye.

Bwana mifugo alikuja siku ya tatu, kwa pikipiki, ameitwa kwa ajili ya ng'ombe wa mtu mwingine. Mama akamwita naye aje ashangilie. Kijana yule hakushangilia. Aliinama, akatazama kiwele. Kilikuwa kimejaa, na chuchu zilikuwa zinadondosha maziwa.

"Mama, alipandwa lini?"

Mama akahesabu kwa namna ya machimboni: ilikuwa baada ya lile duara la juu kutitia, kabla ya karasha jipya kuja. Tukasaidiana kuhesabu. Ikatoka miezi minane, labda na nusu.

Bwana mifugo akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia: "Basi ombea asiwe na wawili."

Hapa itabidi niwape elimu niliyoivuna kwake na kwa daktari mmoja aliyesoma Sokoine, kule Morogoro, ambaye nilimsumbua kwa simu mpaka vocha ikaisha mara mbili. Elimu yenyewe imetoka kwa farasi. Kanda yetu haina farasi wa kuzungumzia. Ndorobo na ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi vimehakikisha hivyo tangu enzi za mababu. Punda ndiye farasi wetu. Ni ndugu wa damu, na tumbo lake linakwenda kwa kanuni zile zile, isipokuwa farasi hubeba mimba miezi 11, na punda hubeba 12 na ushee.

Kwa wafuga farasi wa mbio, kule Newmarket Uingereza au Kentucky Marekani, neno mapacha ni habari mbaya. Kwa miaka mingi mapacha ndiyo yaliyokuwa yanaongoza kwa kufanya farasi hao watupe mimba, ukiacha magonjwa ya kuambukiza. Sababu iko kwenye kondo la nyuma. Kondo la mbuzi au ng'ombe hujishikiza kwenye mji wa mimba kwa vifungo vifungo, kama shati. Watoto wakiwa wawili wanagawana vifungo, maisha yanaendelea. La farasi na punda limetandazwa kama zulia, kona hadi kona, na mtoto mmoja anahitaji karibu zulia lote. Wakiwa wawili, kila mmoja ana kondo lake, na pale makondo hayo yanapogusana hakuna chakula kinachopita, kwa sababu kondo limegusa kondo na halikumgusa mama. Mara nyingi mmoja huwahi eneo kubwa na mwenzake akabaki na kipande. Mimba ikiwa ndogo kipande kinatosha. Ikikua hakitoshi tena. Mdogo anakufa kwa njaa, na mara nyingi anaondoka na ndugu yake, mama akiwa amebaki na miezi michache tu ya kuzaa.

Na kiwele kinachojaa mapema, maziwa yakidondoka miezi mitatu minne kabla ya wakati, ni moja ya dalili kwamba huko ndani kondo halifanyi kazi. Ndicho alichokiona bwana mifugo. Mama aliyaona maziwa yale yale akadhani ni baraka imewahi.

Wenzetu wanafanyaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia Ufaransa, walianza kumwangalia farasi kwa ultrasaundi, mashine ya aina ile ile wanayopimiwa mama zetu kliniki, ila kwa farasi hupitishwa njia ya haja kubwa. Siku ya 14 mpaka ya 16 baada ya yai kutoka, kila mimba ni kifuko cha maji kisichozidi punje ya zabibu, nacho bado kinazurura ndani ya mji wa mimba, hakijapata makao. Daktari akiona viwili, anakisogeza kimoja mbali na mwenzake na kukiminya kwa vidole mpaka kinapasuka. Kilichobaki, kwa daktari mwenye mkono mzuri, huendelea kukua zaidi ya mara tisa katika kumi. Baada ya siku ya 16 hivi vifuko hutulia mahali pamoja. Vikitulia upande mmoja, mara nyingi maumbile yenyewe huondoa kimoja kabla ya siku ya 40. Vikitulia kimoja huku na kimoja kule, usitegemee msaada wa maumbile. Na usichelewe: ikipita siku ya 35 hivi, ndani ya mji wa mimba huanza kutengenezwa homoni zinazomzuia farasi kurudi kwenye joto kwa miezi kadhaa hata kama mimba yenyewe imeharibika. Msimu umekwenda.

Punda jike naye huachia mayai mawili kwa wakati mmoja, na kwa baadhi ya koo, kama wale punda wakubwa wa Catalonia kule Hispania, jambo hilo si la ajabu hata kidogo. Mapacha ya punda mara nyingi hutokana na mayai mawili, si yai moja lililogawanyika.

Sasa jamani, siku ya 14! Kwenye machimbo, nani anajua siku ya 14? Siku yenyewe ya sifuri haijulikani. Dume la jirani lilikata kamba usiku, basi. Ultrasaundi iliyo karibu iko hospitali na ina foleni ya wajawazito. Simlaumu mtu, naeleza umbali uliopo kati ya kile kinachojulikana duniani na pale punda aliposimama.

Mimba ikishafika miezi minane hakuna tena cha kuminya. Dawa aliyoitoa bwana mifugo ilikuwa fupi: tua mzigo. Tua wote. Mpe majani na pumba, usimnyime chakula hata kidogo, kwa sababu punda mwenye mimba akikaa na njaa mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na yanaweza kumuua yeye mwenyewe. Asikae peke yake usiku.

Maneno mafupi, gharama ndefu. Punda mmoja kusimama ni nusu ya kipato kusimama. Mama ana marejesho ya vikoba kila Jumamosi, na Jumamosi mbili alikwenda mikono mitupu akasimama mbele ya wenzake kueleza habari za kiwele cha punda. Walimcheka, kisha wakamwongezea muda. Kuna jamaa alimnong'oneza amuuze mnyama akiwa bado na uhai, kwamba ngozi ina wateja. Wasomaji wa Shinyanga mnaijua biashara hiyo. Machinjio ya punda yalikuwepo kwenu na Dodoma, ngozi zikienda China kuchemshwa gundi ya dawa. Serikali ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuuzuia bara zima. Mimi naiunga mkono marufuku hiyo kwa hesabu rahisi tu: mnyama anayezaa mmoja kwa zaidi ya mwaka huwezi kumchinja kama kuku. Mama hakuwa na hesabu hizo. Alimjibu yule jamaa kwamba punda si wa kuuzwa akiwa na tumbo, akaendelea kukata majani.

Niliondoka kabla ya mwisho. Mengine nimeyapata kwa simu, na niliporudi kwa siku mbili baadaye.

Punda yule alishikilia mpaka mwezi wa kumi na moja na kidogo. Alizaa usiku, mama na mwanawe wa kiume wakiwa na tochi. Alitoka mmoja hai, mdogo kama mbuzi, miguu laini. Nyuma yake, pamoja na kondo, kikatoka kitu kilichokauka, cha rangi ya udongo, chenye umbo la punda, si kirefu kuzidi mkono. Walikuwa wawili kweli. Mdogo alikwisha kufa zamani na safari hii hakumvuta mwenzake. Bwana mifugo anasema hutokea, ila usiitegemee.

Aliye hai hakuweza kusimama. Mtoto wa punda anatakiwa kusimama ndani ya saa moja hivi na kunyonya muda mfupi baadaye, kwa sababu huzaliwa bila kinga yoyote mwilini. Kinga yote iko kwenye dang'a, na baada ya siku moja tumbo lake haliipokei tena. Mama alilijua hilo kwa sababu aliambiwa mapema. Akakamua dang'a kwenye kikombe, akamnywesha kidogo kidogo kwa chupa yenye chuchu ya mtoto, kila saa, mpaka jua likatoka. Jioni alisimama, akaanguka, akasimama.

Watoto wa pale wanamwita Doto, kwa hoja kwamba Kulwa ndiye aliyetangulia, ila ametangulia kwingine. Hesabu yao haifuati mpangilio wa kutoka tumboni lakini sikuona mtu mzima aliyewasahihisha.

Kwenye mlango wa bati wa mama, kwa ndani, kuna namba za chaki. Moja ni tarehe aliyozaa punda huyu. Ya pili ni tarehe ambayo yule mwingine alipandwa, safari hii mchana, dume likiwa limeletwa kwa makubaliano ya shilingi na gunia la pumba. Akaniuliza kama namjua daktari yeyote Kahama mwenye ile mashine ya picha ambaye angekubali kuja siku ya 14. Nimempigia yule wa Sokoine. Amesema ataulizia. Zimebaki siku tisa.