Jani Linalokumbuka Kiu

Mwaka ule mvua ilikatika Hanang kabla ngano haijachanua, shamba la baba likakauka mbele ya macho yetu. Tangu hapo nilitaka kujua kwa nini mche mmoja hufa na jirani yake huzaa. Swali hilo ndilo lililonipandisha ndege kwa mara ya kwanza. Asubuhi moja ya Julai nikashuka basi la kutoka Sydney, nikaikuta Canberra imetanda umande ulioganda.

Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mwenyeji wangu alinionyesha namna ya kubana jani la ngano ndani ya kichumba cha kioo. Hewa huingia huku, hutokea kule, na mashine ya leza hupima kilichobadilika. Katika kila atomi mia za kaboni, moja hivi ni kaboni-13, nzito kidogo kuliko kaboni-12. Jani huibagua ile nzito.

Mlinganyo wa ubaguzi huo ulichapishwa mwaka 1982 na Graham Farquhar pamoja na wenzake wawili, nao ni mfupi: 4.4, jumlisha 22.6 mara uwiano wa hewa ukaa iliyo ndani ya jani kwa iliyo nje. Ile 4.4 kwa elfu hutokana na kupenya kwenye stomata, vitundu vidogo vya jani, kwa kuwa kizito hujikokota. Ubaguzi mkubwa, takriban 27, ni wa rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ukaa ndani ya jani, na 22.6 ni tofauti ya hizo mbili. Jani lililoshiba maji, uwiano ukiwa 0.7, hubagua kama 20. Lenye kiu hufunga stomata, uwiano hushuka, tuseme 0.5, na rubisko hukosa nafasi ya kuchagua: ubaguzi huwa kama 16.

Siku ya kwanza namba zangu zilikataa. Kichumba kilivuja penye mshipa wa jani. Tukaziba, tukangoja jani litulie, zikakubali. Nilishusha pumzi.

Ubaguzi huo hubaki hata kwenye punje. Kwa kuupima, watafiti wa Australia waliteua ngano ya Drysdale, inayotumia maji kwa uangalifu, ikatolewa kwa wakulima mwaka 2002.

Vijana wenzangu mnaosoma biolojia na hesabu, ishikeni elimu hii. Mvua hatuiamrishi, mbegu tunaichagua.